Vipimo vya Winchi

Fundi alikuwa mtu wa kujisifu, na siku ile alipata cha kujisifia. Kampuni ya kuhamisha vyombo vya nyumbani, ambayo alikuwa akiishonea ovaroli kwa mwaka wa tisa sasa, ilimwita muuguzi awapime wafanyakazi wake wote kwa ajili ya bima mpya. Fundi alikuwa amepita hapo kupeleka nguo tu. Muuguzi, dada mmoja mchangamfu mwenye kalamu mbili nyweleni, akamwambia haya, na wewe panda mzani, kadi zimebaki. Fundi akapanda. Kilo sitini na sita, urefu mita moja na sentimita sabini na mbili. Muuguzi akabonyeza kikokotoo chake, akaandika uwiano wa uzito na urefu: ishirini na mbili nukta tatu. Sawa kabisa.

"Kabisa?" Fundi akauliza, makusudi wengine wasikie.

"Kabisa, baba. Ndivyo kadi inavyosema."

Jamani, kichwa kikavimba palepale. Mtu wa miaka hamsini na moja, anakaa cherehanini kutwa nzima, hajawahi kukimbia isipokuwa mvua ikimkuta njiani, leo anaambiwa yuko sawa kabisa mbele ya vijana wanaobeba makabati! Akaipepea ile kadi wino ukauke, ingawa wino ulikuwa umekwisha kukauka zamani.

Nyuma yake kwenye foleni alisimama mkewe. Kampuni nzima ilimwita Winchi, na Fundi mwenyewe alikuwa akiteleza na kumwita hivyo mezani. Alikuwa kiongozi wa wabebaji, mama wa miaka arobaini na minne, si mrefu, mabega mapana, mapaja ya kuijaza suruali. Jina hilo alipewa na kazi yake. Friji likitakiwa kupanda ghorofani, yeye hukaa upande wa juu, mikanda mabegani, akalivuta ngazi moja baada ya nyingine, na mwenzake akaliweka sawa kwa chini. Miaka kumi na minne alikuwa akivuta hivyo, na hakuna aliyewahi kumwona akitua mzigo katikati ya ngazi.

Winchi akapanda mzani. Themanini na saba. Urefu, mita moja na sentimita sitini na sita. Muuguzi akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena.

"Thelathini na moja nukta sita," akasema taratibu.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?"

"Kadi inasema unene uliokithiri, mama."

Vijana waliokuwa wakitaniana wakaanza kuchunguza viatu vyao. Bosi, mwanamume mnene mwenye huruma na woga kwa kipimo kilekile, alikuwa na karatasi za bima mkononi, akasoma ukurasa wa kwanza: mfanyakazi aliyezidi thelathini asibebe mzigo kwenye ngazi mpaka apungue. Akajikuna shingo. Akasema basi, Winchi atakaa ofisini kwa muda, apokee simu za wateja. Ni muda tu.

 Winchi alishuka mzanini, akavaa viatu vyake, akafunga kamba polepole. Fundi aliyekuwa na kadi yake mkononi akaona ajabu moja: shingo ya mkewe, ambayo haikuwahi kuinama hata chini ya kabati la milango minne, ilikuwa imeinama.

Kazi ya simu ilimchosha kuliko mafriji. Alikuwa akirudi nyumbani jioni mgongo unamuuma kwa kukaa, anasema mteja leo kauliza kama kochi linaweza kupita dirishani, nami nalijua lile dirisha, ningekwenda ningelipitisha. Lakini lililomchoma zaidi halikuwa simu. "Nimeitwa mgonjwa mbele ya watoto niliowafundisha kazi," akamwambia Fundi. "Nitapunguza. Nitafika thelathini hata kwa kutambaa."

Fundi alifurahi, na hapa tusimfichie aibu yake: alifurahi kupita kiasi. Mtu mwenye kadi ya sawa kabisa alijiona daktari. Akawa anamshauri mkewe asubuhi na jioni, yeye mwenyewe akitafuna mkate wenye siagi. Winchi akaacha mkate, akaacha mayai, akaacha nyama. Asubuhi chai kavu, mchana tango, jioni supu ya majani ambayo ungeweza kuona chini ya bakuli. Kila Jumamosi alipanda mzani wa zahanati ya muuguzi, na kila Jumamosi alikuwa amepungua. Kilo themanini na sita. Themanini na tano na nusu. Themanini na nne.

Na kila Jumamosi Fundi alimpunguzia ovaroli. Alikuwa na fahari moja kubwa, kwamba mkewe hampimi. Wabebaji wengine wote aliwapima kwa futi kila mwanzo wa mwaka, na mkewe pia siku hiyo, kwa sababu daftari la kampuni lilitaka tarakimu. Lakini marekebisho ya nyumbani alikata kwa macho. "Mimi huyu namjua," angesema, huku pini zikiwa mdomoni. Akabana mapaja, akabana mikono, akashusha mabega, akapiga pasi. "Tazama! Umekuwa msichana!"

Winchi akajitazama kwenye kioo cha duka, akatabasamu kidogo. Njaa ilikuwa inampigia ngoma tumboni, lakini alijikaza.

Wiki ya saba mzani ukasema themanini na mbili. Uwiano, ishirini na tisa nukta nane. Muuguzi akagonga muhuri, bosi akapiga makofi, na Jumatatu asubuhi Winchi alikuwa nyuma ya lori, miguu inaning'inia, anaimba. Kazi ya kwanza ilikuwa friji la milango miwili, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti. Chini alikaa Kamba, mwenzake wa siku zote, mrefu mwembamba aliyepewa jina hilo kwa jinsi anavyofunga mizigo ikatulia.

Ghorofa ya kwanza walipanda. Ya pili wakapanda, ingawa Kamba baadaye alisema alisikia pumzi za Winchi zikikwaruza. Kati ya ya pili na ya tatu goti la Winchi likatetemeka, likakataa. Paja halikushika. Friji likarudi ngazi mbili kwa mkupuo, likamsukuma Kamba ukutani, na vidole vyake vitatu vikabanwa kati ya chuma na ukuta. Winchi akapiga kelele, akajitupa nyuma kwa uzito wote aliobaki nao, akalizuia. Vijana wawili wakapanda mbio wakalishika.

Vidole havikuvunjika. Vilivimba, vikawa vyeusi, na Kamba akapewa wiki mbili za kupumzika. Alimwambia Winchi, dada, ni ajali tu. Lakini Winchi alijua si ajali. Akaenda mwenyewe kwa bosi, akamwambia amrudishe kwenye simu. Ajabu ya dunia: alipozidi thelathini alikatazwa kubeba na alikuwa anaweza, sasa ameruhusiwa na hawezi.

Mchana ule ule aliingia dukani kwa Fundi, akakaa kwenye stuli ya wateja. Hakulia. Alisema tu, "Mume wangu, mimi nimekwisha. Nilikuwa nafikiri ni mwili, kumbe ni uzee."

Fundi akaacha cherehani. Pale mabegani, mikanda ilipobana, palikuwa na alama nyekundu, na ovaroli ilikuwa imekaa vibaya, imelegea mahali isipotakiwa kulegea. Kwa mara ya kwanza katika wiki saba yule mtu wa macho makali akatilia shaka macho yake. Akavuta futi shingoni.

"Simama."

"Tangu lini unanipima?"

"Simama, mke wangu, tafadhali."

Akapima, akafungua daftari la mwanzo wa mwaka, akaandika chini ya tarakimu za zamani. Paja: lilikuwa sitini na nane, sasa sitini na tatu. Mkono wa juu: thelathini na nane, sasa thelathini na tano. Mabega yamepungua sentimita tatu. Akafika kiunoni, akapima mara mbili kwa sababu hakuamini. Kiuno kilikuwa themanini na moja. Sasa themanini.

Sentimita moja! Kilo tano zote zimeondoka, na kiunoni imetoka sentimita moja.

Fundi akaketi sakafuni, kati ya vipande vya kitambaa, futi mkononi. Kila Jumamosi alikuwa amekata paja na mkono na bega, akaviona vile vipande vikianguka kwenye kapu, na akapiga makofi. Fundi wa miaka thelathini! Hata mwanafunzi wa wiki moja angejiuliza kwa nini kiunoni hapakatwi.

"Si uzee," akasema. "Ni nguvu zako, mke wangu. Hukuwa na mafuta ya kupunguza, basi ukapunguza nguvu. Na mimi nilikuwa nazitupa kwenye kapu kila Jumamosi, eti nakusifu."

 Hasira ikampanda Winchi, na ilikuwa hasira ya haki. "Wiki saba nakula tango! Wiki saba wewe unatafuna siagi mbele yangu unaniambia nijikaze! Kamba nusura apoteze vidole!" Fundi akayapokea yote akiwa chini pale pale. Alipokwisha kusema, Winchi akamshika mkono akamwinua, akauliza kama kuna mkate. Ulikuwapo. Akala nusu nzima, amesimama, bila kitu juu yake.

Kesho yake wote wawili walikwenda zahanati na daftari. Winchi alikuwa hataki. Alisema akirudi kula atarudi thelathini na moja, na akirudi thelathini na moja ataitwa mgonjwa tena, na hilo hawezi kulisikia mara mbili. Fundi akamwambia, twende tumuulize aliyekuita.

Muuguzi hakuwa mtu mbaya, tuseme kweli. Alikuwa na watu sitini wa kupima siku ile na karatasi yenye kisanduku kimoja cha kujaza. Akazisoma tarakimu za daftari kwa kidole, mstari kwa mstari, za zamani na za sasa, akachomoa kalamu moja nyweleni na kuirudisha bila kuandika.

"Mama, nisamehe," akasema. "Mzani hautenganishi. Unahesabu kilo, basi, haujui kilo hii ni mafuta na hii ni msuli. Ile hesabu ya uzito na urefu inasaidia ukitazama watu elfu kwa pamoja. Kwa mtu mmoja ni mlango wa kuanzia maswali, na mimi sikukuuliza hata moja. Kazi yako ilikuwa imeandikwa pale juu na sikuisoma."

Akaomba futi. Akapima kiuno cha Winchi mwenyewe: themanini. Akaeleza kwamba kuna njia nyingine rahisi ya kuanzia, kiuno kisizidi nusu ya urefu. Nusu ya urefu wa Winchi ni themanini na tatu. Akampima presha, akampima sukari, vyote vizuri. Hata kabla ya tango, akasema, nina hakika vilikuwa vizuri.

Kisha akageuka. "Na wewe baba."

Fundi akacheka. "Mimi? Mimi nina kadi."

"Ninayo habari, niliiandika mimi. Inua shati."

Akainua shati, lile pana alilolishona mwenyewe. Muuguzi akazungusha futi, akasoma. "Tisini na sita."

"Hiyo futi imevutika."

"Futi ni yako, baba."

Winchi akaziba mdomo. Nusu ya urefu wa Fundi ilikuwa themanini na sita, na kutoka pale hadi tisini na sita kila mtu mwenye vidole anaweza kuhesabu. Mikono kama vijiti, miguu kama vijiti, na katikati kitumbo kilichojificha kwa adabu chini ya shati pana. Muuguzi akataka kujua inakuwaje fundi wa nguo asijue kiuno chake.

"Suruali zake zote zina lastiki," Winchi akasema. "Anasema zinafaa kukaa cherehanini."

"Tangu lini?"

Fundi akatazama dirisha. "Miaka saba hivi."

Hapo Winchi hakuweza tena kujizuia, alicheka mpaka akashikilia meza, na muuguzi naye akacheka, na Fundi mwishowe akajiunga, angefanya nini? Kicheko kilipungua walipopima sukari yake. Ilikuwa imeanza kupanda. Si ya dawa bado, muuguzi akasema, lakini si ya mchezo. Atembee kila siku. Ainue kitu kizito kidogo. Siagi aipe likizo. Yule aliyeambiwa sawa kabisa akasema ndiyo.

Muuguzi akachukua karatasi za bima akazisoma zote, na kwenye ukurasa wa nne, ambao bosi hakuwahi kuufikia, akakuta mstari: aliyezidi thelathini anaweza kubeba iwapo mtoa huduma wa afya atamwona akifanya kazi na kuandika kwamba anafaa. "Nitakuja kukuona kazini," akamwambia Winchi. "Lakini sitaandika uongo. Ukipanda nitaandika umepanda. Ukishindwa nitaandika umeshindwa, na utabaki na simu."

"Nipe miezi miwili," Winchi akasema.

Miezi miwili hiyo ilikuwa mizuri nyumbani kwao. Winchi alikula mayai, maharage na nyama, na jioni alipanda ngazi za jengo la jirani na mfuko wa mchanga mgongoni, kilo kumi, kisha ishirini, kisha arobaini. Fundi alimfuata na mfuko wa kilo tatu, anahema, analaumu viatu. Ovaroli aliishona upya kabisa, safari hii kwa futi, na kila wiki akafumua kidogo pajani, kidogo begani, akijisemea vizuri, vizuri. Kiunoni hakugusa. Winchi hakuacha kuogopa, hata hivyo. Usingizini mguu ulikuwa ukimruka, na Fundi alijua anaota ile ngazi ya kati ya pili na tatu.

Siku ikafika, asubuhi ya jua. Nyumba ya mteja ilikuwa ghorofa ya tano, friji la milango miwili, ngazi nyembamba. Muuguzi akasimama mlangoni na ubao wake wa kuandikia. Bosi naye alikuja, akijikuna shingo. Winchi akavaa mikanda, akapanda ngazi mbili, akageuka kulitazama friji.

"Nani anakaa chini?" bosi akauliza.

Hakuna aliyejitokeza. Vijana walimpenda Winchi, lakini wote walikuwa wameviona vidole vya Kamba. Mmoja akarekebisha kofia. Mwingine akakumbuka kwamba lori halijafungwa. Winchi aliona yote hayo, na Fundi akauona uso wake ukianza kusinyaa, akashindwa kuvumilia.

"Mimi nitakaa," akasema, akakunja mikono ya shati.

Wakamtazama, mikono ile kama vijiti. "Mume wangu," Winchi akasema kwa upole, "ukikaa wewe nitavuta friji na maiti."

Walikuwa bado wanacheka Kamba alipowapenya. Kucha mbili za mkono wa kulia zilikuwa bado zinaota upya. Akainama, akaweka vile vile vidole chini ya friji, mahali pale pale, akabana bega lake kwenye chuma.

"Kamba," Winchi akasema. "Si lazima."

"Dada, vuta. Mgongo unaniuma kukaa hivi."

Winchi akavuta. Friji likapanda ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kwa mwendo ule wa zamani, kishindo kimoja, pumzi moja. Fundi akafuata nyuma na rafu mbili za friji kifuani, akihesabu moyoni. Wakafika kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Paja la Winchi likajaa, likashika, likapita. Muuguzi akasema mama, ukitaka kupumzika pumzika, na Winchi akasema hapana, asante. Ghorofa ya nne. Ya tano. Friji likasimama wima jikoni kwa mteja, na Kamba akatokea nyuma yake, akifungua na kukunja vidole vyake kumi.

Fundi alifika dakika tatu baadaye, rafu zote mbili salama, hana pumzi hata ya kusema pole. Alikuta muuguzi amempandisha Winchi kwenye mzani mdogo aliokuja nao, anaandika.

"Kilo themanini na sita," muuguzi akasoma kwa sauti, mbele ya vijana wote. "Uwiano thelathini na moja nukta mbili. Anafaa." Akampa kadi.

Winchi akaisoma mwenyewe, karibu tarakimu ile ile iliyomwinamisha shingo, na neno lililo mbele yake. Akakaa juu ya boksi la vyombo la mteja, akalia waziwazi, akafuta machozi kwa mkono wa ovaroli. Fundi akakaa kando yake, kwa mapenzi, na pia kwa sababu miguu ilikuwa imemwisha kabisa.

"Dada, usimalize maji yote ya mwili," Kamba akasema kutoka mlangoni. "Bado kuna kabati." Na Winchi akainuka, akaenda kuchukua mikanda.